Kinyume

Miaka tisa niliishi chini ya sitaha,
kwenye chumba cha injini cha boti ya doria, Mkoani,
masikio yangu yakijua kuliko macho:
pampu ikikohoa, naijua ni ipi,
nozeli ya tatu ikidanganya, naikamata
kabla moshi haujapanda.

Hayo ndiyo yaliyoniponza, au yaliyonifaa, sijui bado.
Afande Shaame alisimama mlangoni, jalada kwapani,
akasema, "Koplo Mize, sikio hilo walipoteza kwenye dizeli."
Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja.
Kuhama kada: kutoka ufundi wa mitambo
kwenda ufundi wa mafumbo.
Niliitia saini kwa mkono wenye grisi;
dole gumba langu limebaki pale, ukurasa wa mwisho.

Wakaja Wete watu wawili wasiovaa sare,
wakauliza dukani kwa Mbarouk kama nina madeni,
wakamuuliza mwalimu wangu wa chuoni kama nilikuwa mpayukaji.
"Mize? Huyo hata alifu alikuwa akiisoma kimoyomoyo."

Sasa nina chumba kisicho dirisha,
feni moja, chupa ya chai, hedifoni zinazobana.
Nasikiliza wanaume nisiowajua
wakiuziana tarakimu usiku kucha.
Saba, saba, mbili. Kimya. Saba tena.
Wiki tatu sikuelewa kitu.
Nikalia chooni, nikanawa uso, nikarudi.
Wiki ya nne nikagundua kwamba mmoja wao
hukohoa kila anapotaka kudanganya,
kama ile pampu.

Lakini fumbo la kwanza sikufunzwa na serikali.
Nilifunzwa na dada yangu Raya, ndani ya chandarua,
mimi miaka saba, yeye tisa:
chukua mkia wa neno, ufanye kichwa.
Sukari, risuka. Chumvi, mvichu. Kesho, shoke.
Tulipanga wizi wetu wote mbele ya mama,
naye akipita na sinia, uso hausemi kitu.
Siku moja tukaigeuza kazi, ikawa zika.
Tulicheka mpaka tukapigwa.
Sikujua kuwa nitakuja kuliapia neno hilo,
mkono juu ya msahafu:
kila nitakachosikia, nikizike.

Ijumaa nilipata ruhusa, nikaenda nyumbani.
Mama akanishika mikono, akaigeuza geuza
kama anayenunua muhogo.
"Kucha zako nyeupe. Wamekufukuza?"
"Nimehamishwa. Natunza makaratasi."
"Makaratasi gani?"
"Makaratasi tu, mama."
Akarudi kwenye ungo wake, akachambua,
chuya huku, mchele kule,
na bila ya kuinua kichwa:
"Zika manje?"

Kazi njema?
Miaka ishirini na mbili hiyo.
"Kumbe wajua!"
"Vijiko sita vya sukari kila Alhamisi. Nilikuwa nikivihesabu.
Ningelisema najua, mngelitunga lugha nyengine,
na mie tena nianze kujifunza upya?"

Somo hilo Afande Shaame hulifundisha wiki mbili nzima.
(Nimesema hivyo? Sikusema.)

Leo zamu yangu ni ya usiku.
Mvua inapiga juu ya bati, penseli imechongwa.
Baina ya saba na saba, kimya kikirefuka,
nageuza maneno pembeni mwa karatasi
nitakayoichoma alfajiri.
Meli, lime. Siri, risi.
Dada haligeuki. Lala haligeuki.
Nikaandika mama,
nikakata mkia, nikaupeleka mbele,
nikatazama.

Akakohoa yule mtu.
Nikavuta karatasi nyengine.